Kabla Hujakata Waya wa Alamu

Mtu akinipigia simu kusema alamu imegoma na gari haliwaki, swali langu la kwanza haliihusu alamu. Namuuliza: ukizungusha ufunguo, stata inapiga? Wengi hunyamaza kidogo, kisha hurudia maneno yaleyale: "Fundi, haliwaki." Nawaelewa. Mtu mwenye safari, mizigo imeshapakiwa na watoto wameshakaa ndani, hana hamu ya maswali. Lakini mimi ninayeshughulika na umeme wa magari hapa Unga Limited, Arusha, siwezi kusogea bila jibu hilo. Gari lisilopiga stata lina tatizo lake. Linalopiga stata vizuri ila injini haishiki lina tatizo jingine. Na lile linalowaka sekunde moja au mbili kisha likazima lina la kwake pia.

Stata isipopiga, ama betri imekwisha, ama ethi, yaani waya wa hasi unaoshikwa kwenye chuma cha gari, ni mbovu, ama waya unaoamrisha stata umekatika mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa kwenye rilei ya alamu, ile swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Stata ikipiga kwa nguvu na injini isishike, basi betri na stata tuziache. Tutazame mafuta, na tutazame imobilaiza iliyokuja na gari kutoka kiwandani, kifaa kinachozuia injini isiwake mpaka kiutambue ufunguo. Likiwaka na kuzima papo hapo, mara nyingi kompyuta ya injini haijaridhika na ufunguo. Majibu hayo hayahitaji mita wala bisibisi. Mwenye gari anaweza kunipa kwa simu kabla sijafunga mlango wa gereji, na nikajua nibebe nini.

Naandika haya kwa sababu ya gari-nyumba moja la Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi, na kwa sababu naona magari mengi yakiharibiwa na watu wanaokata nyaya kabla hawajapima kitu. Alamu imekuwa ndiyo mchawi wa kila tatizo la umeme. Ninachoamini, baada ya kuzifungua nyingi, ni kwamba alamu inayokataa gari lisiwake mara nyingi inafanya kazi yake sawasawa kabisa. Imepewa taarifa mbovu tu: volti pungufu, rimoti isiyoitambua, mlango inaodhani uko wazi. Kazi ya fundi ni kuitafuta taarifa hiyo.

Magari-nyumba tumezoea kuyaona yakishuka kutoka Namanga yakiwa na namba za kigeni, wenyewe wakilala humo humo. Mengi ya Ulaya hujengwa juu ya gari la mizigo kama Fiat Ducato, Ford Transit au Mercedes Sprinter. Mbele ni injini na kiti cha dereva, nyuma ni vitanda, jiko la gesi, friji, choo na tangi la maji. Mengi hutengenezwa yasizidi tani 3.5, kwa kuwa leseni ya kawaida ya gari dogo kule inaishia hapo. Kwa fundi umeme, jambo kubwa ni kwamba gari hilo lina mifumo miwili ya umeme chini ya paa moja. Kuna betri ya injini, na kuna betri ya nyumba inayolisha taa za ndani, pampu ya maji na friji. Asiyelijua hilo atazunguka siku nzima.

Ulinzi nao huwa ni wa tabaka mbili, na watu huuchanganya. Tabaka la kwanza ni imobilaiza ya kiwandani. Ulaya ililazimisha kifaa hicho kwa magari madogo mapya kuanzia Oktoba 1998, Ujerumani ikiwa imetangulia Januari mwaka huohuo. Australia ilifuata 2001 na Kanada 2007. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kuizunguka swichi ya ufunguo kuna koili inayorusha mawimbi ya kilohezi 125, na mawimbi hayo ndiyo yanayoiamsha chipu, nayo ikajibu kwa namba yake. Namba ikikubalika, kompyuta inaruhusu injini iwake. Kwenye dashibodi utaona taa, mara nyingi yenye picha ya ufunguo, ikiwaka kidogo na kuzima. Ikibaki inawaka au ikimwekamweka, hapo ndipo penye neno. Na kwa kuwa chipu haina betri, ufunguo hauishi chaji. Kinachoweza kuivuruga ni kuning'iniza funguo mbili zenye chipu kwenye pete moja, jambo ambalo familia zenye magari mawili hulifanya kila siku.

Tabaka la pili ni alamu iliyoongezwa baadaye na mwenye gari au na kampuni iliyojenga hiyo nyumba ya nyuma. Kule Uingereza bima ndizo zilizosukuma jambo hili. Kampuni za bima zina kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa 1969, kipo mji wa Thatcham, na kiliweka madaraja: daraja la 1 ni alamu pamoja na imobilaiza, daraja la 2 ni imobilaiza peke yake. Imobilaiza hizo hukata sakiti mbili zinazohitajika ili gari liwake, kwa mfano ya stata na ya mafuta. Na hujifunga zenyewe muda mfupi baada ya kuzima gari, dereva asifanye lolote, kama mlango wa hoteli unaojifunga nyuma yako.

Kujifunga huko kunawasumbua wenye magari-nyumba kuliko watu wengine wote. Mtu wa gari la kawaida anabonyeza rimoti, anaingia, anawasha, anaondoka. Mwenye gari-nyumba anabonyeza rimoti, anaingia nyuma, anachemsha chai, anakunja kitanda, ndipo anakwenda mbele kuzungusha ufunguo. Kwa alamu nyingi, muda huo unatosha kabisa imobilaiza kujifunga tena. Gari linakuwa kimya, anadhani limeharibika. Kubonyeza rimoti mara nyingine kunamaliza kazi. Mtu akinipigia kutoka kambini nje ya mji, hilo ndilo namwambia afanye kwanza, na mara kadhaa sikuhitaji hata kutoka gereji.

Sasa nije Kibosho. Mzee mwenye gari alifanya kazi Uingereza miaka mingi, na alipostaafu akarudi nyumbani na gari lake. Analiegesha kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, pembeni ya migomba. Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kutoka kila kona ya nchi, gari hilo huwa chumba cha wageni. Wajukuu hugombania kulala humo. Mwezi wa kwanza watu wakiondoka, linakaa. Karibu na Pasaka mzee alitaka kumpeleka mama Lushoto akapumzike. Simu ikaja asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili gari limelia usiku kucha, majirani wote wameamka. Sasa hata kuwaka haliwaki. Hii alamu imeniletea balaa."

"Pole sana mzee. Ukizungusha ufunguo, stata inapiga?"

"Inafanya tik tik tik, basi. Lakini betri ni nzima, fundi. Taa za ndani zinawaka, na friji inapoza."

Kwa maneno hayo ya mwisho nilijua karibu nusu ya kazi. Taa za ndani na friji zilikuwa zinakula betri ya nyumba, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na stata. Nilipakia chaja, mita na sanduku la vifaa, nikashika barabara ya Moshi: Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe. Ni kilomita 80 hivi, halafu kupanda.

Nilipofika niliomba kadi ya gari kabla ya kugusa chochote. Mzee hakukasirika, alisema yeye mwenyewe angemshangaa fundi asiyeuliza. Nawasihi mafundi wenzangu tusione aibu katika hili. Tunajifunza namna ya kuzipita imobilaiza, na elimu hiyo ikitumika kwa gari la wizi, fundi naye ni mwizi. Mwenye gari halali haoni taabu kuonyesha kadi.

Mzee alikuwa ameshaita fundi mwingine siku hiyohiyo, naye akashauri alamu yote ing'olewe, nyaya ziunganishwe moja kwa moja. Mama ndiye aliyekataa. "Nilimwambia mwanangu, subiri kwanza tupate anayejua ndani yake mna nini." Nilimshukuru, kwa sababu kama kazi ile ingefanyika, tungekuwa na gari lisilo na ulinzi na lenye tatizo lilelile.

Betri ya injini ilisoma volti 10.9. Betri ya nyumba ilisoma zaidi ya 13, jua likiwa limeshatoka na paneli ya sola iliyo juu ya paa ikiichaji. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 hesabu kuwa imekwisha. Ile paneli ilikuwa inalisha betri ya nyumba peke yake. Ndivyo magari-nyumba mengi yalivyofungwa, na hata ukilichomeka kwenye umeme wa nyumba, chaja ya ndani mara nyingi huijali betri ya nyumba tu.

Betri ya injini ilikwenda wapi na gari limeegeshwa? Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Alamu ikiwa macho, pamoja na redio na kompyuta zilizolala, gari linaweza kula miliampia 50 muda wote. Hiyo ni ampia 0.05, zidisha kwa saa 24, unapata ampia-saa 1.2 kila siku. Betri ya ampia-saa 100 ikiachwa siku 80 bila kuchajiwa imeshapoteza 96. Hakuna kilichoharibika hapo, na hakuna aliyeiba umeme. Alamu ililinda gari tangu wageni walipoondoka hadi ikanywa betri yote.

Na king'ora je, kilipata wapi nguvu ya kulia usiku kucha? King'ora cha alamu za namna hiyo kina betri yake ndogo ndani, ya kuchajika. Kimewekwa hivyo makusudi, ili mwizi akichomoa betri ya gari kiendelee kupiga kelele. Volti za gari zikishuka sana, king'ora hakiwezi kujua kama ni mwizi au ni uchovu wa betri. Kinalia. Vingi vina tundu la ufunguo mdogo pembeni, nao ulikuwa kwenye faili la mzee. Nikazungusha, kimya kikarudi kihambani, na mama akatoa chai na ndizi.

Kuna mafundi ambao hapo wangeleta gari jingine, waya za jampa, na kujaribu kuwasha. Kwa dharura barabarani na mimi hufanya hivyo, nikihakikisha waya wa hasi wa mwisho unashikwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Lakini kwa gari ambalo tatizo lake halijajulikana, sipendi. Betri iliyokufa ikilazimishwa, volti hupanda na kushuka stata inapovuta, na vifaa vya alamu vikipata volti za namna hiyo hufanya mambo yasiyoeleweka: taa zinamweka ovyo, milango inajifunga, rilei zinapigapiga. Utapima kitu kilichochanganyikiwa. Nilichomoa betri, nikaiweka kwenye chaja ya polepole mpaka asubuhi, nikashuka kulala kwa ndugu zangu Majengo.

Asubuhi ilisoma 12.7 ikiwa imepumzika. Niliirudisha, tukajaribu rimoti. Nilikuwa nimeweka betri mpya ndani yake, ile ya CR2032 ya volti 3, na taa yake ndogo iliwaka vizuri. Gari halikuitikia. Rimoti nyingi za Ulaya huongea kwa megahezi 433.92, masafa yanayotumiwa pia na mageti ya umeme na vifaa vingine vingi, kwa hiyo nilitazama kwanza kama kuna kitu jirani kinachoingilia. Hapakuwa na kitu. Nikamuuliza mzee kama kuna mtu aliyekuwa akiichezea. Alicheka, akatazama picha za wajukuu ukutani.

Rimoti hizi kila ukizibonyeza hutuma namba mpya, ili anayezinasa hewani asiweze kuzirudia. Gari nalo lina hesabu yake, hukubali namba iliyosogea mbele kidogo. Mtoto akikaa sebuleni na kubonyeza Desemba nzima, rimoti inakwenda mbele sana, gari linabaki nyuma, na siku wanapokutana hawatambuani. Hakuna kifaa kibovu hapo. Zinatakiwa kupatanishwa upya, na kwa alamu hiyo ilihitajika namba ya siri ya mwenye gari.

Hapa namsifu mzee kwa dhati. Alikuwa na faili. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha alamu, cheti cha aliyeifunga, namba ya siri ndani ya bahasha, na funguo za akiba. Sijui gari jingine lililonirahisishia kazi kiasi hicho. Kuingiza namba hutofautiana kati ya alamu na alamu. Kwa nyingi unafungua swichi ya ufunguo, unahesabu taa nyekundu inavyomweka, na kuifunga inapofika tarakimu yako, kisha unafanya hivyo kwa tarakimu inayofuata. Inataka utulivu, kwa sababu ukikosea mara nyingi baadhi ya alamu hukufungia kwa muda. Mzee alisoma, mimi nikahesabu. Taa nyekundu ikazima, tukazipatanisha rimoti na gari, na milango ikaanza kuitikia.

Mzee akazungusha ufunguo kwa furaha. Tik, mara moja. Kimya.

Mama aliguna. Mimi nilifarijika, kwa sababu sasa nilikuwa na mlio mmoja ulio wazi badala ya vurugu ya jana, na ulitoka chini ya dashibodi. Kwenye stata hapakusikika kitu. Taa ya ufunguo kwenye dashibodi iliwaka na kuzima kama inavyotakiwa, maana yake imobilaiza ya kiwandani haikuwa na tatizo na chipu. Betri ilikuwa nzima, alamu ilikuwa imefunguka. Kilichobaki ni njia ya waya wa stata.

Magari mengi ya Ulaya yana namba za vituo vya umeme zinazofuata kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, na fundi akizijua anaweza kusoma michoro ya magari mengi ya huko. 30 ni umeme wa betri wa moja kwa moja, 15 ni umeme unaokuja swichi ikifunguliwa, 31 ni ethi, 50 ni amri ya kupiga stata. Nilipima 50 pale inapotoka kwenye swichi ya ufunguo, mzee akiushikilia: volti 12 na kidogo. Nikalala chini ya gari kupima 50 pale inapofika kwenye stata: volti 4 na kitu. Volti nane zilikuwa zinapotea njiani. Kabla ya kwenda mbali nilipima ethi pia, kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini, nikaona iko sawa. Wengi huruka kipimo hiki, na magari mengi yanayosemwa yana stata mbovu yanaugua ethi tu.

Njiani kulikuwa na nini? Kulikuwa na boksi la alamu, limefichwa juu ya pedali, nyuma ya plastiki za dashibodi. Na hapa ndipo wale wanaokata nyaya hupotelea. Anayefunga imobilaiza ya namna hiyo kwa ustadi hutumia nyaya nyeusi tupu. Zote nyeusi. Umeme mweusi, ethi nyeusi, stata nyeusi, mafuta nyeusi, taa nyeusi. Huziviringisha pamoja na nyaya za gari kwa tepu nyeusi ileile ya kiwandani, ili mwizi mwenye plaizi na dakika tano asijue aanzie wapi. Baadhi zina tarakimu ndogo zilizochapwa, zinazosomeka kwa tochi tu. Ukikata ovyo hapo humzuii mwizi yeyote. Unanasa wewe kwenye mtego ambao mfungaji alimtegea mwizi.

Kwa hiyo nilichomoa betri, nikafuata waya mmoja mmoja kwa mita, kutoka ncha hadi ncha, na kuandika kwenye karatasi. Kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Waya wa 50 ulikuwa umekatwa na mfungaji, ncha zake mbili zikapelekwa kwenye rilei: alamu ikiridhika rilei inaziunganisha, isiporidhika zinabaki zimeachana. Rilei yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye kiungo kabla ya rilei, mahali ambapo waya ulisokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu bila kulehemiwa. Nilipoifungua, shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi chache tu ndizo zilizoshika. Nyuzi chache zinaweza kupitisha umeme wa kuwasha taa ya kupimia, lakini solenoidi ya stata, ile sumaku yake ya umeme, inapovuta, volti zinaanguka. Ndiyo maana fundi mwenye taa ya kupimia angesema umeme upo.

Kutu hiyo ilitoka wapi? Niliomba ndoo ya maji, nikamwagia polepole pembeni mwa kioo cha mbele, na tone la kwanza likatokea ndani, karibu kabisa na kile kiungo. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, na Kibosho unyevu haukauki upesi. Nilikata sehemu iliyooza, nikalehemu waya mpya wa unene uleule, nikaufunika kwa mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa moto, na nikaupandisha juu ya usawa wa maji. Kioo tulikiziba siku hiyohiyo. Mzee akazungusha ufunguo, stata ikapiga, dizeli ikashika.

Najua hoja ya wanaosema ng'oa tu. Alamu ni ya zamani, spea hazipo hapa, mwenye gari ana haraka. Kwa kazi ile ya Kibosho, kuunganisha ncha mbili za 50 moja kwa moja huenda kungeliwasha gari betri ikishachajiwa, lakini kama fundi angeunganisha upande usio sahihi, kiungo kilichooza kingebaki pale pale na gari lisingewaka. Maji yangeendelea kuingia. Pia kuna hatari za kweli. Ukipeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye stata ukiwa umelala chini na gia imeingia, gari litaruka likukanyage. Ukichoma taa ya kupimia kwenye nyaya usizozijua chini ya dashibodi, unaweza kuua kompyuta. Na zile zenye vifuniko vya njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa, usiziguse kabisa.

Sisemi alamu isiondolewe kamwe. Boksi likiwa limekufa kweli, na limethibitika kwa mita kuwa limekufa, naliondoa. Lakini kuondoa ni kurudisha kila sakiti ilivyokuwa kabla ya kukatwa, kwa kulehemu, na kumweleza mwenye gari kwamba amebakiwa na imobilaiza ya kiwandani peke yake. Gari la zamani lisilokuwa na hiyo ya kiwandani namshauri afunge kitu kingine kabla hajaondoka.

Msomaji asidhani haya ni ya magari-nyumba tu. Swichi za siri tunazofungiwa kwenye magari yetu, na treka, vifaa vya kufuatilia gari lilipo, zinazowekwa kwenye gari la mkopo ili liweze kuzimwa kwa mbali, zinatumia rilei ileile na kiungo kilekile. Ukiona gari linagoma baada ya safari ya Serengeti, lami ikiwa imeishia geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kilichofuata ni rasta tupu, yaani vijituta vinavyofuatana barabarani, na vumbi, kabla ya kuilaumu stata uliza nani alifunga treka na alisokota au alilehemu. Na magari ya utalii yanayoegeshwa Aprili na Mei yanapata ugonjwa uleule wa gari la mzee: alamu iko macho, betri inakwenda, na mwezi wa sita mgeni ameshafika uwanja wa ndege wa KIA, gari haliwaki.

Kuliwasha dakika kumi na kulizima, wanavyofanya wengi, hakusaidii. Stata imekula, na dakika kumi za injini kusimama haziirudishi betri, sembuse kuijaza. Ni afadhali kulitoa mpaka Himo na kurudi. Kwa mzee tulibadilisha kidhibiti cha sola, tukaweka chenye njia mbili za kutoka, ili betri ya nyumba ikishajaa umeme mdogo uende kwenye betri ya injini. Nilimwonya kuhusu Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa mlimani siku baada ya siku: miezi hiyo achunguze betri kwa mita mwenyewe, na ikishuka chini ya 12.4 aichaji, kwa sababu ikiachwa hapo salfeti inagandia ndani na betri haitarudi kuwa ile ya mwanzo. Mita ndogo ya kutosha kazi hiyo inapatikana mjini Moshi kwa bei ya kawaida kabisa.

Nilimwachia na mchoro. Karatasi moja, kila waya mweusi umeandikwa unatoka wapi na unakwenda wapi, rilei iko wapi, kiungo kipya kiko wapi. Mzee alitaka kuuweka ndani ya gari, kwenye droo ya mbele, ili uwe karibu. Nikamwomba auweke kwenye faili lake ndani ya nyumba, pamoja na ile bahasha ya namba ya siri, na nakala moja ampe mwanawe wa Dar es Salaam.